Mwalimu alinyang'anywa mkanda, mwanafunzi akaurudisha

Tarehe 4 Mei 2001, mjini Atlantic City, Pat Miletich alipigwa kabali. Carlos Newton wa Kanada alikibana kichwa chake kwapani, akakaza, na katika raundi ya tatu bingwa akasalimu amri. Mkanda wa ubingwa wa mapigano mchanganyiko wa UFC aliokuwa nao tangu Oktoba 1998, na kuutetea mara nne, ukaenda.

Miletich ni mtoto wa Davenport, Iowa, mji ulio kando ya mto Mississippi. Kule mieleka ni mchezo wa shule, watoto wanaukulia kama wetu wanavyoukulia mpira wa miguu. Alipoanza kupigana kwa ushindani mwaka 1995, mapigano mchanganyiko yalikuwa bado machanga, na wengi waliingia kizimbani na fani moja tu: mwanamieleka na mieleka yake, bondia na ngumi zake. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuunganisha mieleka, mateke, ngumi na jujitsu ya Kibrazili katika mwili mmoja. Machi 1998 alitwaa mashindano ya UFC 16 karibu na New Orleans. Miezi saba baadaye, São Paulo, alimshinda Mikey Burnett kwa uamuzi wa majaji uliogawanyika, akawa bingwa wa kwanza wa uzani ambao leo unaitwa welta, kilo 77.

Alichokifanya na ubingwa huo ndicho kinachonifanya nimheshimu zaidi ya mikanda yake. Hakuficha ujuzi. Alijenga kambi nyumbani kwao, vijana wakaanza kuhamia Iowa: Jens Pulver, Tim Sylvia aliyezidi mita mbili kwa urefu, Robbie Lawler aliyekuwa bado kijana mdogo, na Matt Hughes, mtoto wa mkulima kutoka Illinois. Kambi ilisifika kwa mazoezi ya kupigana kwelikweli, na bingwa mwenyewe alivaa glavu akaingia nao. Hughes alikuwa wa uzani uleule wa mwalimu. Kumfundisha mtu wa uzani wako kila unachokijua kunataka moyo. Februari 2001 Pulver alitwaa mkanda wa uzani mwepesi zaidi, na kwa miezi miwili na ushee kambi ile ya Iowa ilikuwa na mabingwa wawili wa UFC, mwalimu na mwanafunzi wake.

Kisha ndipo akaja Newton.

Miezi sita haikutimia. Tarehe 2 Novemba 2001, Las Vegas, aliyepanda kumkabili Newton alikuwa Hughes. Raundi ya pili Newton alimfunga kabali ya miguu, mapaja yamebana shingo. Hughes akamnyanyua mzimamzima, akamweka juu ya ukingo wa kizimba. Newton akashika ukingo, miguu haiachii. Hughes pumzi zikamwishia. Akarudi nyuma, wakaanguka wote wawili, na kisogo cha Newton kikagonga sakafu. Newton akazimia. Hughes naye aliinuka akiwa na kizunguzungu, na ni watu wa kona yake waliomwambia kwamba ameshakuwa bingwa.

Hughes aliutetea mkanda huo mara tano mfululizo, mojawapo ikiwa ya marudiano na Newton, London mwaka 2002. Februari 2003 Sylvia alitwaa ule wa uzito wa juu. Miletich mwenyewe alipanda ulingoni mara chache tu baada ya hapo. Mwaka 2006 alipoteza kwa Renzo Gracie, tena kwa kabali. Kazi yake kubwa ilikuwa kambini.

Mwaka 2014 UFC ilimwingiza katika orodha yake ya heshima. Desemba ya mwaka huohuo, Robbie Lawler, ambaye wakati huo alishahamia kambi nyingine Florida, alimshinda Johny Hendricks na kuwa bingwa wa dunia. Mkanda wenyewe ulikuwa wa kilo 77.