Mtoto mwenye figo moja: Haumwi, lakini asiache kupimwa

Mara nyingi habari hii huwafikia wazazi bila kutarajiwa. Mama mjamzito amekwenda kupimwa kwa altrasaundi, mtaalamu anatafuta figo mbili za mtoto aliye tumboni, anaiona moja tu. Ni habari ya kushtua, ila si hukumu. Watoto wengi wa aina hii hukua, husoma na hucheza kama wenzao. Hatari yao kubwa ni kwamba hawaonekani wagonjwa, na kwa sababu hiyo huacha kupelekwa kliniki.

Hutokeaje?

Wapo watoto ambao figo moja haikuumbika kabisa. Hali hiyo hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 1,000 hadi 2,000. Wengine wana figo mbili, lakini moja imejaa vifuko vya maji na haichuji chochote. Aghalabu husinyaa kadiri miaka inavyopita. Wapo pia walioondolewa figo moja utotoni kwa sababu ya uvimbe wa saratani au ugonjwa mwingine. Kwa waliozaliwa hivyo, mara nyingi chanzo hakibainiki.

Mzigo wa figo iliyobaki

Kwa wastani, kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Vyote huumbika kabla ya kuzaliwa, hadi karibu wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo haviongezeki. Figo iliyo peke yake hukua kupita kiasi cha kawaida, mara nyingi ikianza mtoto angali tumboni, ili ibebe kazi ya mbili.

Msaada huo una gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari Mmarekani Barry Brenner na wenzake walieleza kuwa nefroni inayochuja damu nyingi kuliko kawaida hufanya kazi chini ya shinikizo kubwa, na baada ya miaka huweza kupata makovu. Hapo protini huanza kuvuja katika mkojo, shinikizo la damu hupanda, na shinikizo hilo huzidi kuziumiza nefroni zilizosalia.

Ndiyo maana mtoto huyu hafanani na mtu mzima aliyemtolea ndugu yake figo. Mtoaji huchunguzwa kwanza na kuthibitishwa kuwa figo zake zote mbili ni nzima. Mtoto huubeba mzigo tangu mwanzo wa maisha, na huenda hitilafu iliyoizuia figo moja kuumbika imeigusa ya pili pia. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watoto 407 wenye figo moja inayofanya kazi. Asilimia 37 kati yao walikuwa na dalili za madhara ya figo: shinikizo la juu la damu, protini katika mkojo, uchujaji uliopungua, au walikwisha kuhitaji dawa za kuilinda figo.

Vipimo vinavyohitajika

Walau mara moja kwa mwaka, mtoto apimwe shinikizo la damu, kwa mkanda unaolingana na mkono wake, na mkojo wake uchunguzwe kama una protini. Daktari ataamua lini damu ipimwe kreatinini na lini altrasaundi irudiwe kuona kama figo inakua ipasavyo. Dalili zikionekana mapema, zipo dawa zinazopunguza shinikizo ndani ya nefroni na kuchelewesha madhara. Msichana anapokaribia kubalehe, daktari aangalie pia mfuko wa uzazi, kwani viungo hivyo huumbika kwa ukaribu.

Wajibu wa nyumbani

Chumvi ipunguzwe, na mtoto asiachwe kunenepa kupita kiasi. Akipata homa isiyoeleweka au maumivu anapokojoa, apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa maambukizi yakiishambulia figo yake hakuna nyingine ya kuipokea kazi. Akiharisha au kutapika, apewe maji yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini na aonwe na mtaalamu wa afya. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, pamoja na mitishamba isiyojulikana, asipewe bila ushauri wa daktari. Michezo haikatazwi, ile ya kugongana kwa nguvu ijadiliwe kwanza na daktari.

Kinga kabla ya upasuaji

Eneo la Afrika Mashariki limepiga hatua katika upandikizaji wa figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Tanzania, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, na Mulago nchini Uganda Desemba 2023. Hata hivyo, matibabu hayo yanahitaji mtoaji, fedha na dawa za maisha yote. Kipande cha karatasi ya kupimia mkojo na mkanda wa shinikizo la damu ni vitu vya gharama ndogo zaidi.

Basi jambo la kwanza ni jepesi: maneno "ana figo moja" yaandikwe waziwazi kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, na mtoto mwenyewe afundishwe kuyasema kila aonanapo na daktari mgeni. Siku moja atakwenda hospitali bila mzazi.