Pete ya Farao na Uwanda wa Uasin Gishu

Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, baridi ya Burnt Forest ndiyo inayokwambia kwamba umeshapanda uwanda wa Uasin Gishu. Hapa watu walikimbia makwao kwa vurugu za uchaguzi mwaka 1992, wakakimbia tena 2008. Si ajabu kwamba Yusufu wa Biblia, kijana aliyeuzwa ugenini akaishia kuwa mkubwa, ana wasikilizaji hapa.

Yusufu hayuko peke yake. Mwaka 1895 mtaalamu Ludwig Rosenthal alionyesha jinsi simulizi lake linavyofanana na vitabu vya Esta na Danieli, hata kwa maneno ya Kiebrania. Kila mmoja ana jina la pili: Yusufu ni Safenath-panea, Danieli ni Belteshaza, Esta ni Hadasa. Kila safari mlango unafunguliwa na usiku mbaya wa mfalme: Farao anaota, Nebukadneza anaota mpaka usingizi unampaa, Ahasuero halali kabisa, anaagiza asomewe kumbukumbu za enzi yake. Mnyweshaji alimsahau Yusufu miaka miwili. Mordekai, mlezi wa Esta, naye aliokoa maisha ya Ahasuero, jambo likaandikwa kisha likasahauliwa. Mwishowe Yusufu anavishwa pete ya Farao, na Mordekai pete ya Ahasuero, ileile aliyovuliwa adui yake Hamani.

Hapo kwenye pete ndipo ninapokwama. Cha mfalme huwa kimetoka kwa mtu. Esta alipewa nyumba ya Hamani. Yusufu mwenyewe, njaa ilipokaza, aliwauzia Wamisri nafaka mpaka mashamba yao yote, isipokuwa ya makuhani, yakawa ya Farao. Sehemu hiyo ya Mwanzo 47 mahubiri huipita mbiombio.

Sasa turudi uwandani. Mwaka 1903, miezi michache baada ya Wayahudi kuuawa mjini Kishinev, serikali ya Uingereza, kwa wazo la waziri wa makoloni Joseph Chamberlain, ilisema iko tayari kumpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ardhi ya makao ya Wayahudi Afrika Mashariki. Herzl alikuwa mwanahabari asiye na jeshi, mtu wa kubisha milango ya watawala kama Mordekai langoni Shushani. Uwanda uliokuja kulengwa ni huu wa Uasin Gishu. Wakauita Mpango wa Uganda, ingawa eneo hili lilikuwa limeshaondolewa Uganda mwaka 1902. Wanandi wa huku hawakuulizwa.

Mwaka huo wa 1903 mkutano wa Wazayuni mjini Basel ulipiga kura 295 kwa 178 kutuma watu waje kukagua. Wajumbe wa Kishinev, ambao damu ilikuwa haijakauka kwao, walikuwa miongoni mwa waliokataa: walitaka Yerusalemu, ile ambayo Danieli aliielekezea madirisha yake akisali. Wakaguzi watatu walifika mwanzoni mwa 1905. Katikati ya mwaka huo mkutano uliofuata wa Basel ukaikataa zawadi. Oktoba 19 mwaka huohuo Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi.

Pete ikatafutiwa kidole kingine. Mwaka 1908 Makaburu walipanda uwanda huu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe.