Mashua za Kukodi na Lugha ya Wavuvi: Kumbukumbu za Bahari Zinavyofika Butere

Butere, katika Kaunti ya Kakamega, iko mbali sana na Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mji huo una uhusiano wa kihistoria na pwani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi lake likafikishwa Butere, likakomea hapo. Pamoja na abiria na mizigo, njia hiyo ilisaidia kueneza Kiswahili bara. Hivyo mwanafunzi wa Butere hufundishwa methali isemayo "Manahodha wengi, chombo huenda mrama" kabla hajapata kuiona bahari. Makala haya yanakusudia kuchunguza sehemu moja ya maisha ya bahari hiyo, yaani uvuvi wa mashua za kukodi, na kuuliza kumbukumbu zake ni za nani.

Katika uvuvi huo, mgeni hulipia chombo pamoja na mabaharia, vifaa na chambo, kisha hupelekwa nje ya miamba kutafuta nduaro, sulisuli, jodari na nguru. Kazi hutegemea pepo. Wakati wa kaskazi bahari huwa shwari na wageni huwa wengi. Kusi inapokaza, bahari huchafuka na vyombo vingi hupumzishwa. Vituo mashuhuri vya Kenya ni Malindi, Watamu na Shimoni. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, wakati mji huo ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuwa na hoteli za wageni. Akarudi mwaka 1954, safari hiyo Shimoni, baada ya kunusurika katika ajali mbili za ndege nchini Uganda.

Ziara kama hizo zimeacha barua, vitabu na picha. Aghalabu picha humwonyesha mgeni kando ya samaki aliyetundikwa, na maelezo hutaja uzito wa samaki na jina la aliyemvua. Nahodha aliyejua mahali pa kumtafuta, na baharia aliyefunga chambo, hutajwa kwa nadra. Msomaji asiyekuwa na ushahidi mwingine anaweza kudhani kwamba elimu ya kuvua samaki wakubwa ililetwa na wageni pamoja na mashua zao.

Ushahidi mwingine upo, nao umo katika lugha. Neno "ndoana" linahusiana na kitenzi cha kale "loa", yaani kuvua kwa ndoana. Na kitenzi hicho kinalingana na "okuloba" cha Kiganda chenye maana hiyohiyo. Sauti b iliyobaki katika Kiganda imedhoofika na kupotea katika Kiswahili. Basi msamiati wa ndoana ni urithi wa Kibantu unaounganisha pwani na nchi za ziwani, nao ni wa kale kuliko mashua yoyote ya kukodi. Vilevile, wavuvi wana kitenzi "rambaza", yaani kuvua kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda. Hiyo ndiyo njia kuu inayotumiwa katika mashua za kukodi, na jina lake halikutoka katika Kiingereza.

Si haki, hata hivyo, kudai kwamba wageni hawakuleta kitu. Maneno "boti" na "injini" yanashuhudia kilicholetwa nao, kama vile "baharia", lenye asili ya Kiarabu, na "nahodha", lenye asili ya Kiajemi, yanavyoshuhudia mawasiliano ya zamani zaidi. Kila tabaka la maneno lina wakati wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba tabaka la chini kabisa ni la wavuvi wenyewe, na ndilo lisilopata nafasi katika kumbukumbu zilizoandikwa.

Tabaka hilo limo hatarini. Desturi za kazi zinabadilika: siku hizi samaki wengi wa jamii ya nduaro hutiwa alama na kuachiliwa, na injini imepunguza haja ya istilahi za tanga. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikuwa hatua kubwa, lakini kamusi ya jumla haiwezi kubeba istilahi zote za kila ufundi. Panahitajika mkusanyo wa maneno na masimulizi ya manahodha na mabaharia wazee wa Malindi, Watamu na Shimoni, pamoja na majina yao wakiridhia.

Kazi hiyo si kwa faida ya pwani peke yake. Mwalimu wa Butere hufundisha lugha iliyojaa bahari, na wanafunzi wake wana haki ya kujua kwamba maneno hayo yalitoka katika kazi za watu halisi. Wasipoandikwa mabaharia hao, mwanafunzi huyo atarithi methali ya nahodha, na habari za nahodha mwenyewe atazipata katika picha ya mgeni.