Mti Ulioanguka Si Kuni Bado

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, UNAFIFIA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia dhoruba, miti na mikono ya kujitolea.

Upepo mkali ukishapita, bustani ya jumuiya imelala chini na matawi yametapakaa njiani, sauti ya kwanza kusikika asubuhi huwa ni ya panga. Kila mtu anawahi tawi lake. Hatumlaumu mtu, maana chungu hakichemki kwa maneno. Lakini siku hizo za kwanza ndizo zinazoamua kama kivuli kitarudi.

Twende Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, dhoruba kubwa ilipiga kusini mwa nchi hiyo. Watu 18 walifariki, na miti ipatayo milioni 15 ikaanguka. Kwa nini mingi hivyo? Mvua ilikuwa imelegeza udongo, na miti ilikuwa bado na majani yake, hivyo upepo ukayajaza kama tanga la jahazi. Katika mji wa Sevenoaks, jina lenye maana ya mialoni saba, kulikuwa na mialoni saba iliyopandwa mwaka 1902. Kulipokucha, ulisimama mmoja tu.

Kujitolea hakukuwa jambo geni huko. Tangu mwaka 1959, watu 42 walipokwenda kufyeka vichaka katika kilima cha Box Hill, vikundi vya kutunza mazingira kwa hiari vilikuwa vimeenea. Baada ya dhoruba, mikono haikukosekana. Kilichokosekana mahali pengi ni subira. Mashine nzito ziliingia msituni, magogo yakaburutwa, udongo ukashindiliwa, na miche iliyojiotea yenyewe ikapondwa. Lakini katika kilima cha Toys Hill, ambako karibu miti yote ilianguka, sehemu ya msitu iliachwa bila kuguswa. Miaka ilipopita, miti michanga iliota yenyewe hapo, bila mtu kuipanda.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Katika bustani ya Kew, jijini London, miti 700 hivi ilianguka. Mwaloni mmoja mzee, uliokuwa ukidhoofika tangu kabla ya dhoruba, ulinyanyuliwa na upepo pamoja na mizizi yake, kisha ukarudishwa palepale. Watunzaji waliuegemeza kwa nguzo, wakaendelea na kazi nyingine. Baada ya miaka mitatu hivi walishangaa: mti ulikuwa umestawi kuliko zamani. Sababu? Nyayo za wageni wengi zilikuwa zimeshindilia udongo kwa miaka mingi, mizizi ikakosa hewa na maji. Dhoruba ililegeza udongo huo. Tangu hapo, watunzaji wa Kew wakaanza kulegeza udongo kuzunguka miti mingine.

Msikilizaji, fikiria mti wa kivuli ulio karibu na bomba la maji kambini kwako. Ni watu wangapi wanaukanyagia mizizi kila siku?

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi. Huko hakukuwa na dhoruba. Kulikuwa na watoto wenye njaa na haja ya kuni. Vilima vya kuzunguka kambi ya Benaco vilipoteza miti, na akina mama wakalazimika kwenda mbali zaidi na zaidi kutafuta kuni. Safari hizo zina hatari zake, na wengi wenu mnazijua. Kwa hiyo mti mmoja unaookolewa karibu na nyumba si jambo dogo.

Basi, dhoruba ikipita, kikundi chenu kifanye nini? Kwanza usalama: msikaribie nyaya za umeme zilizoanguka, wala kusimama chini ya tawi linaloning'inia. Pili, mpeane zamu, na mkubaliane mapema kuni zitagawiwa vipi, ili wazee na wagonjwa wasikose. Tatu, mti ulioinama huku mizizi ikiwa bado ardhini, ufukieni mizizi na kuuegemeza kwa nguzo. Kisiki msiking'oe upesi. Miti mingi huchipua. Nne, msikanyage matuta yaliyolowa. Udongo mbichi hushindiliwa upesi.

Kujitolea si kazi ya siku moja ya kupigwa picha. Mche uliopandwa leo utahitaji maji na uzio wa kuzuia mbuzi hata wiki ya kumi, watu wengine wakiwa wameshasahau.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu: Nani anaamua mti ulioanguka ukatwe au uachwe? Na kuni zake ni za nani?

Kwaheri hadi kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)