Kumpima Dereva: Kutoka Boston hadi Old Korogwe

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902. Dereva wa gari moshi hakuhitaji kushika usukani, kwani chuma kilimwongoza. Leo, mabasi na malori yapitayo Old Korogwe kuelekea Moshi hayana chuma cha kuyashika. Roho za abiria zimo katika macho na uamuzi wa dereva. Je, uwezo huo hupimwaje?

Swali hili si geni. Hugo Münsterberg, profesa wa Harvard huko Marekani, aliwapima madereva wa tramu za umeme wa Boston, akaeleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1913. Alichora reli katika kadi, na kandokando akaweka tarakimu: 1 ni mwenda kwa miguu, 2 ni farasi, 3 ni motokaa. Tarakimu nyeusi zilienda sambamba na reli, nyekundu ziliikatiza. Aliyepimwa alipaswa kutambua upesi mahali penye hatari. Kwa maoni yake, dereva bora ni yule aonaye ajali kabla haijawa ajali. Hata hivyo, Münsterberg alitaka kuchagua watu, si kurekebisha chombo.

Nchini Tanzania, LATRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2019, hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mitambo, na mwisho wa mwendo wa basi ni kilomita 80 kwa saa. Hilo ni jema. Lakini mtambo upimao mwendo hulipima gari. Haujui kama dereva amechoka, wala kama amekadiria vema umbali wa gari lijalo.

Usiku wa Februari 3, 2023, huko Magira Gereza wilayani Korogwe, lori liligongana na basi dogo lililochukua maiti na waombolezaji kwenda Moshi. Watu wasiopungua 17 walikufa. Taarifa ya serikali ilitaja mwendo kasi na jaribio la lori kulipita gari la mbele.

Magari mawili yakikabiliana, kila moja kwa kilomita 80 kwa saa, hukaribiana mita 44 hivi kwa sekunde. Basi, onyo lolote likichelewa sekunde mbili, karibu mita 90 zimekwisha. Kwa hiyo hapana budi kumpima kwanza binadamu: huona lini, huamua kwa muda gani, uchovu humpunguzia nini. Chombo kitakachoundwa juu ya vipimo hivyo ndicho kitakachomsaidia dereva. Kingine kitatunza tu kumbukumbu za kosa lake.