Jua, DNA na Saratani ya Ngozi

Saratani ya ngozi inayosababishwa na jua huanzia ndani ya DNA, miaka mingi kabla ya kidonda kuonekana. Miali ya urujuanimno, hasa UVB, hugandamanisha herufi mbili jirani za DNA, thaimini au saitosini. Kwa kawaida vimeng'enya hukata kipande hicho na kukijaza upya. Visipowahi, saitosini hunakiliwa kama thaimini, na kosa hilo hurithiwa na kila seli inayofuata. Likiangukia jeni ya TP53, inayozuia seli zilizoharibika zisizaliane, breki imekatika. Mwaka 1991 watafiti walikuta ndani ya jeni hiyo saitosini mbili mfululizo zimegeuka thaimini, alama ambayo karibu jua pekee huiacha.

Katika mashamba ya mpunga ya Dakawa, wilayani Mvomero, jua la adhuhuri hufika utosini mapema Machi na tena Oktoba. Melanini, rangi asilia ya ngozi, humkinga mkulima dhidi ya uharibifu huo kwa sehemu kubwa.

Mwenye ualbino hana kinga hiyo. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, wengi wao kwa sababu ya kasoro ya jeni ya OCA2. Saratani inayowapata zaidi ni ya seli bapa, hasa kichwani na shingoni. Kwao losheni ya jua ni dawa kamili, wala si kipodozi. Ndiyo maana hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kutengeneza losheni iitwayo Kilisun.