Kicheko cha Warumi

Leo twataka kusema habari za Warumi wa kale, lakini si za vita vyao wala za barabara zao. Twataka kusema habari za mashairi yao ya dhihaka, yaani yale yaliyofichua makosa ya watu kwa kuchekesha. Mambo mengi ya uandishi Warumi waliyatwaa kwa Wayunani. Lakini Quintilianus, mwalimu mashuhuri wa Rumi katika karne ya 1 baada ya Kristo, alisema kwamba jambo hili ni la Warumi wenyewe.

Kwa Kilatini mashairi hayo yaliitwa satura. Baadhi ya wataalamu wa kale walisema jina hilo limetoka katika sahani iliyojazwa matunda ya kila namna na kutolewa kwa miungu. Nayo mashairi yalichanganya kila kitu: chakula, safari, fedha, na kiburi cha watu.

Aliyeyatia makali ni Lucilius, katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Sheria ya kale ya Rumi, ile ya Mbao 12, iliyoandikwa yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, iliweka adhabu ya kifo kwa mtu atungaye wimbo wa kumvunjia mwenziwe heshima. Walakini Lucilius aliwataja wakubwa kwa majina yao. Alithubutuje? Alikuwa mtu mwenye mali, tena rafiki wa jemadari Scipio, ambaye alikwenda naye vitani Hispania. Mwenye ngao nzuri haogopi kutupa mkuki.

Baadaye alikuja Horatius, aliyezaliwa mwaka 65 kabla ya Kristo. Baba yake alikuwa mtumwa aliyepewa uhuru. Naye mwenyewe alipigana upande wa walioshindwa katika vita vya Philippi, mwaka 42. Mtu wa namna hiyo hawachokozi wenye nguvu. Basi alicheka taratibu, tena alijicheka mwenyewe. Katika shairi lake moja ni siku za Saturnalia, sikukuu ya Desemba, ambapo watumwa walipewa ruhusa ya kusema watakavyo. Mtumwa Davus amwonyesha bwana wake jinsi anavyotumikia tamaa zake na watu wakubwa kuliko yeye; je, mtumwa ni nani? Bwana hana jibu. Atafuta jiwe la kumrushia, kisha amtisha kwamba atampeleka kulima shamba.

Kisha Kaisari Domitianus alitawala, tangu mwaka 81 hata mwaka 96 baada ya Kristo, naye aliwaua wengi wenye cheo. Mshairi Juvenalis alipoandika, Kaisari huyo alikuwa amekwisha kuuawa; hata hivyo alisema atawashambulia wale tu ambao majivu yao yamo makaburini. Alisimulia jinsi mvuvi alivyomletea Domitianus samaki mkubwa mno, hata chombo cha kumtosha hakikupatikana. Washauri wa dola wakaitwa mbio, wakaja wakitetemeka, wakashauriana habari za chungu. Msomaji hucheka, kisha akumbuka kwamba watu hao ndio walioshika mambo ya dola nzima.

Tusiwasifu kupita kiasi. Juvenalis aliwadhihaki vilevile wanawake na wageni waliohamia Rumi, na hapo ulimi wake ulikuwa na ukali pasipo haki.

Lakini twaona jambo moja. Lucilius aliwataja walio hai, Horatius akajicheka mwenyewe, Juvenalis akawataja wafu. Atakaye kujua hofu ya mji na aulize ni nani awezaye kuchekwa humo mchana kweupe. Domitianus alipokufa, Baraza la Rumi liliamuru jina lake lifutwe katika maandishi ya mawe. Habari ya samaki wake yasomwa hata leo.